Port Reitz: Uwanja wa vita uliogeuka lango la watalii

Manowari huelea baharini. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini mwaka 1942 Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na "manowari" kadhaa hapa Afrika Mashariki ambazo hazikuwahi kuelea hata siku moja.

Moja iliitwa Tana, nayo ilikuwa Mombasa. Ya pili iliitwa Kilele, na makao yake yalikuwa Tanga. Ya tatu, Korongo, ilikuwa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka ufuoni!

Msomaji asidhani huu ni mzaha. Ni desturi ya wanamaji wa Uingereza kukipa kituo chao cha nchi kavu jina kama la meli na kukiandika daftarini kama meli. Hivyo ndivyo jina la mto wetu na yale maneno mawili ya Kiswahili yalivyoingia katika orodha ya manowari za Mfalme.

Uwanja wa ndege uliohudumia wanamaji hao Mombasa haujafa. Huenda wewe au jirani yako mmepita hapo. Leo unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Zamani uliitwa Port Reitz.

Mkazi wa Kitale au Bungoma anaweza kuuliza: hayo ya bahari na ndege yatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na miwa? Yanamhusu, tena sana. Ili kulionyesha hilo, mwandishi huyu alianza safari yake mbali kabisa na pwani, chini ya Mlima Elgon, akateremka hadi ukingo wa Bahari Hindi.

Mwisho wa reli

Kitale ni mji wa baridi ya asubuhi na udongo mwekundu. Kwa macho ya msafiri, kila kitu hapa ni mahindi: yako shambani, yako magunia kwa magunia sokoni, na yako juu ya makaa kando ya barabara.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Iliwafuata walowezi wa Kizungu, ambao wengi wao walikuwa wanajeshi waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia kupitia mpango wa mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo tangu mwanzo mji huu ulikuwa mtoto wa vita, ingawa bahari haionekani hata ukipanda kilele cha Elgon.

Kutoka Kitale barabara huteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa kuelekea Webuye na Bungoma. Huko reli nyingine, ile kubwa iendayo Uganda, hupita ikitokea Mombasa. Ukisimama kandokando ya reli hiyo Bungoma, umesimama kwenye kamba moja ndefu ambayo ncha yake nyingine imefungwa bandarini Kilindini. Kamba ikivutwa upande mmoja, upande wa pili hutikisika.

Nayo ilivutwa kwa nguvu mwaka 1942.

Singapore yaanguka

Tarehe 15 Februari, 1942, ngome ya Waingereza ya Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani. Wiki chache baadaye meli za Japani za kubeba ndege ziliingia Bahari Hindi. Tarehe 5 Aprili, siku ya Pasaka, ndege zake zilishambulia Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Tarehe 9 Aprili zikashambulia Trincomalee, na siku hiyohiyo zikaizamisha Hermes, meli ya Uingereza ya kubeba ndege.

Admeri James Somerville, aliyeongoza Kikosi cha Mashariki cha Uingereza, aliona kwamba Ceylon si mahali salama tena pa kuweka meli zake kuukuu. Akatafuta bandari iliyo mbali na adui, yenye maji ya kina na njia nyembamba ya kuingilia. Jina Kilindini lenyewe lamaanisha penye kilindi. Meli zikaja Mombasa.

Pamoja nao walikuja wataalamu wa kusoma jumbe za siri za Wajapani. Hao walipewa jengo la Shule ya Alidina Visram, na humo, mahali pa wanafunzi, wakakaa wanahesabu na wajuzi wa lugha wakifumbua mafumbo ya adui.

Sasa tazama jinsi kamba ile ilivyotikisika upande wa pili. Kuanguka kwa nchi za Asia kuliwanyima Waingereza katani na mazao mengine waliyoyategemea. Majeshi nayo yalihitaji kulishwa. Hapo serikali ya kikoloni ikaona ni lazima mashamba ya walowezi yaongeze mazao, na mwaka huohuo wa 1942 ikapitisha kanuni za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, hata katika mashamba ya watu binafsi.

Hivyo mlowezi wa Trans Nzoia alihakikishiwa bei ya mahindi yake, naye kijana wa Bungoma akatakiwa kwenda kazini apende asipende. Wengine walichukuliwa jeshini, katika kile kikosi cha King's African Rifles ambacho wazee wetu walikiita Keya. Mwaka 1943 njaa ikaikumba nchi, katikati ya kelele zote hizo za kuongeza mazao.

Si wote walionyamaza. Elijah Masinde wa Bungoma, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, alipinga watu wake kupelekwa vitani na kwenye kazi za lazima. Mwaka 1945 alitiwa katika Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari, kana kwamba kukataa vita vya wengine ni wazimu. Mwaka 1948, baada ya wafuasi wake wa Dini ya Msambwa kupigwa risasi na polisi huko Malakisi, alihamishwa kwao na kuzuiliwa Lamu. Ajabu iliyoje! Yule aliyekataa watu wasiburutwe katika vita vilivyofika hadi pwani ndiye aliyeburutwa pwani mwenyewe.

Usiku kucha barabarani

Kutoka Bungoma hadi Mombasa ni karibu kilomita 900 kwa barabara. Basi hupita Webuye, Eldoret na Nakuru, likavuka Nairobi, kisha likashika ile barabara ndefu ya Mtito Andei na Voi. Asiyetaka kukaa kitini safari yote anaweza kushuka Nairobi na kupanda gari la moshi la reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hadi Miritini.

Lakini mwenye kupita kwa basi asilale anapofika Mackinnon Road. Kando ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa mnyapara wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua.

Wachache wanajua kwamba Mackinnon Road pia ilikuwa na uwanja wa ndege wa wanamaji wakati wa vita. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walitaka kujenga hapo ghala kubwa ajabu la vifaa vya kijeshi, kwa kuwa India ilikuwa ikiwatoka mkononi. Haikupita miaka mingi wakaliacha. Kisha, wakati wa Hali ya Hatari, nyumba hizo zikageuzwa kambi ya kizuizi, na maelfu ya Wakenya walioshukiwa kuwa Mau Mau wakafungiwa humo kwenye joto na vumbi.

Hayo yakumbukwe, maana yanatufunza jambo. Kambi ya vita haiamui yenyewe itakuwa nini baadaye. Wenye mamlaka ndio huamua. Mackinnon Road iligeuzwa kizuizi. Port Reitz ilikuwa na bahati njema zaidi.

Kwa nini meli ihitaji uwanja?

Kabla ya kuingia kisiwani Mombasa, msafiri hupita Changamwe. Hapo kuna njia iendayo Magongo na uwanja wa ndege, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Uwanja umekaa juu kidogo, na chini yake kuna ule mkono wa bahari uitwao Port Reitz.

Reitz alikuwa nani? Mwaka 1824 Wamazrui wa Mombasa, wakimhofia Seyyid Said wa Oman, waliomba ulinzi wa Waingereza. Kapteni William Owen wa Jeshi la Majini akakubali, akamwacha hapo Luteni John James Reitz awe msimamizi. Kijana huyo hakumaliza mwaka. Homa ilimuua mwaka huohuo. Ulinzi wenyewe ulikwisha mwaka 1826. Jina lake likabaki majini, kisha likapanda nchi kavu na kuuita uwanja.

Kabla ya vita, huu ulikuwa uwanja mdogo wa ndege za kiraia. Vita vilipokuja, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini waliupanua. Kisha wakaja wanamaji.

Msomaji anaweza kuuliza: kama ndege zilikuwa na meli zao za kuzibeba, uwanja ulikuwa wa nini? Jibu liko katika upepo. Zama zile, ili ndege ipate kuruka kutoka juu ya meli, meli ilibidi iende kasi ikiukabili upepo. Meli iliyotia nanga bandarini haikuweza kurusha ndege zake. Ndege zikibaki humo, zingekuwa kama kuku tunduni, na adui akitokea angezimaliza zote pamoja.

Ndiyo sababu meli kama Illustrious na Formidable zilipokaribia Kilindini, ndege ziliruka mapema na kutua nchi kavu, Port Reitz, Tanga au Mackinnon Road. Huko marubani walifanya mazoezi na kulinda bandari, huku mafundi wakizikarabati ndege. Zilizohitaji matengenezo makubwa zilipelekwa Nairobi, kwa Korongo.

Ndege zenyewe zingemchekesha kijana wa leo. Swordfish, iliyosifika sana, ilikuwa na mabawa mawili juu na mawili chini, nayo ilivikwa kitambaa. Lakini ilibeba topido tumboni, na meli kubwa kubwa za adui zilikuwa zimekwisha kuonja ukali wake.

Je, Wajapani walifika Mombasa? La. Meli zao za kubeba ndege zilirudi Pasifiki. Hata hivyo, hofu haikuwa ya bure. Tarehe 30 Mei, 1942, nyambizi zao ndogo zilijipenyeza katika bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Juni na Julai nyambizi nyingine zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mlango bahari wa Msumbiji.

Msiba mkubwa kwa watu wetu ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa Februari, 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Ceylon. Ndani yake, pamoja na wauguzi na wanamaji, mlikuwa na wanajeshi 996 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Watu 1,297 waliangamia.

Majina ya askari hao yameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Ngong. Makaburi yao ni bahari.

Kutoka Reitz hadi Moi

Mwaka 1943 makao makuu ya Kikosi cha Mashariki yalirudi Ceylon, na kufikia 1944 pilikapilika za ndege za wanamaji kwenye pwani yetu zilikuwa zikifikia kikomo. Kilele ikafungwa, Korongo ikafungwa. Barabara ya kurukia ndege haifungashwi kama hema, nayo ya Port Reitz ikabaki.

Mwaka 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo, baadaye likapata Dakota, aina iliyovuma vitani. Mahali palipopangwa Swordfish pakaanza kupangwa abiria. Miaka ilivyosonga wakaja watalii kutoka Ulaya, wenye kofia za jua na kamera, wakielekea hoteli za Diani na Nyali.

Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na Kenya ikaanzisha lake. Mwaka 1979 uwanja ukapewa hadhi ya kimataifa na kuitwa jina la Rais Daniel arap Moi. Barabara yake kuu ya kurukia ndege ina urefu wa takriban mita 3,350, ambayo yatosha ndege kubwa kutoka ng'ambo.

Lakini vita havikuusahau kabisa. Mnamo Agosti, 1992, ndege za kijeshi za Marekani zilianza kuutumia, safari hii zikibeba chakula cha Wasomali waliokuwa wakifa kwa njaa. Na tarehe 28 Novemba, 2002, magaidi walirusha makombora mawili kuielekea ndege ya Israeli iliyokuwa imetoka tu kuruka hapo. Yalikosa. Asubuhi hiyohiyo hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na Wakenya wakawa miongoni mwa waliouawa.

Dunia huzunguka, msomaji. Uwanja huu ulipanuliwa kwa hofu ya Mjapani. Lakini daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980 lilijengwa kwa msaada wa Japani. Kituo kipya cha makontena kilichofunguliwa mwaka 2016 kwenye maji hayahaya ya Port Reitz kilijengwa kwa mkopo wa Japani. Aliyeogopwa kwa mabomu alirudi na saruji na chuma.

Nani alirithi nini?

Kila kitu kilichoachwa na vita kilipata mrithi. Uwanja ulirithiwa na abiria. Mackinnon Road iliyatwaa mateso kabla ya kupata amani. Na Trans Nzoia je? Baada ya vita serikali ya kikoloni iliwaleta tena wanajeshi wa Kizungu na kuwapa mashamba. Askari Mwafrika aliyepigana Madagaska na Burma hakuwamo katika mpango huo. Alirudi Bungoma na koti lake zito na medali, akakuta kipande kilekile cha ardhi, nacho kimebanana zaidi.

Baada ya Uhuru mashamba mengi ya Trans Nzoia yaligawanywa kwa mipango ya makazi, na mengine yakachukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC. Lakini jambo moja halikupata mrithi: masimulizi ya wale waliobeba mzigo. Habari za admeri zimeandikwa vitabuni. Za marubani pia. Ya kijana aliyechukuliwa kwa nguvu kwenda kulima shamba la mlowezi, au aliyepanda gari la moshi Bungoma na kuliona bara la maji kwa mara ya kwanza Kilindini, yalikaa mdomoni tu. Na mdomo haukai milele. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1942 sasa angekuwa amepita miaka 100.

Kitale ina jumba la makumbusho, la kwanza kuwekwa bara nchini Kenya mbali na Nairobi. Lilitokana na vitu alivyokusanya Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo, ndege na vitabu, aliyefariki mwaka 1966. Tazama basi: mtu mmoja aliyehifadhi vipepeo amewaachia wengi urithi. Sisi tutashindwa kuhifadhi habari za babu zetu?

Si kazi ya serikali peke yake. Katika nyumba nyingi za Bungoma, Kimilili na Kitale mna sanduku la mbao au la bati ambalo halijafunguliwa tangu mzee azikwe. Huenda humo mna kitabu cha kuachishwa jeshi, medali iliyoshika kutu, au picha ya kijana mwenye kofia ya Keya akiwa Mombasa. Likizo hii, watoto wakienda kwa nyanya, lifungulieni. Mwulizeni nyanya aliyemo pichani ni nani, andikeni jina, mwaka na kijiji, na mwulize aliyoyasikia kutoka kwake.

Na ikiwa siku moja mtabahatika kutua Mombasa kwa ndege, msikimbilie mizigo tu. Tazameni kwanza dirishani magurudumu yanapogusa ardhi, mkawaambie watoto ni nani waliotangulia kutua hapo, na ni nani walioilipia safari hiyo wakiwa mbali, kwenye mashamba ya Trans Nzoia.